Mulot na Biashara ya Majina ya Watu

Msafiri atokaye Narok kwenda Bomet, akisha kuyapa kisogo mashamba ya ngano ya Ololulung'a, hufika katika mji mdogo uliojinyoosha kando ya barabara kuu, wenye maduka ya mabati, mikahawa ya maandazi na maziwa ya moto, na kundi la vijana wa boda boda wanaosubiri abiria mahali lami inapoteremkia mto Amala, ambao hutoka katika msitu wa Mau na kwenda kukutana na Nyangores ili izae mto Mara. Mji huo ni Mulot, na kwa kuwa mto ndio mpaka, upande wake mmoja uko katika kaunti ya Narok na wa pili katika kaunti ya Bomet. Hapana jambo katika sura yake limtialo mgeni shaka. Walakini litaje jina lake mbele ya karani wa benki mjini Nairobi uone atakavyokunja uso, maana kwa miaka kadhaa sasa Idara ya Upelelezi wa Jinai imekuwa ikiwakamata huko vijana inaowatuhumu kuteka laini za simu za watu walio mbali, na magazeti yameupachika mji mzima lakabu ya makao makuu ya ulaghai huo.

Wakazi wake walio wengi ni wakulima wa mahindi, wafugaji na wachuuzi ambao hawajapata kumpigia mtu simu ya hadaa maishani mwao, nao hulalamika, tena kwa haki, kwamba kosa la wachache limekuwa nasaba ya wote. Mimi si mkazi wa Mulot, wala sina nia ya kuuongezea mji huo mzigo. Nimeanza nao kwa kuwa yale yasemwayo juu yake yanatufundisha jinsi jina la mtu lilivyogeuka kuwa bidhaa, likanunuliwa na kuuzwa bila ya mwenyewe kujua, na kwa kuwa naamini lawama tuliyoitupia ng'ambo ya mto Amala ina wenyewe wengine ambao hawajaguswa.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, laini ya simu nchini Kenya imeacha kuwa chombo cha mazungumzo tu. Humo ndimo mtu anamoweka akiba yake ndogo, humo ndimo anamopokea fedha kutoka kwa mwana aliye Nairobi au Doha, humo ndimo anamopata mkopo wa Fuliza na, tangu mwishoni mwa 2022, ule wa Hustler Fund. Na benki ikitaka kujua kama anayesema nayo ni fulani, humpelekea namba za siri kwa laini iyo hiyo. Basi mwenye kuishika laini amelishika jina, na mwenye kulishika jina amezishika mali zake pamoja na uwezo wake wa kukopa, ambao ni mali ya kesho. Mwizi wa zama hizi hana haja ya kuvunja mlango wala kuruka ua. Akisha kukubaliwa na mashine kwamba yeye ni wewe, kazi yake imekwisha.

Na namna ya kukubaliwa ni nyepesi ajabu. Mfikirie mama wa makamo, huko Litein au Kapkoros katika nchi ya chai, yuko katika safu za chai saa tatu ya asubuhi, kikapu mgongoni na aproni ya plastiki kiunoni kwa ajili ya umande, vidole vyake vikidona majani mawili na chipukizi, mara simu inalia. Sauti ni ya kijana mwenye adabu.

"Mama, hujambo? Habari za shamba? Napiga kutoka huduma kwa wateja. Laini yako ina hitilafu kidogo, na tusipoirekebisha kabla ya saa sita itafungwa. Nisomee namba ya kitambulisho nihakikishe ni wewe, mama yangu."

Mtu atajibuje sauti inayomwita mama, inayolijua jina lake lote, na pengine inayoijua namba anayoitumia fedha kila mwisho wa mwezi? Anaisoma namba. Anautaja mwaka wa kuzaliwa. Kijana anamshukuru, anamwombea mavuno mema, na mwisho anamtaka abonyeze tarakimu chache, na kati ya hizo tarakimu mna namba yake ya siri. Adhuhuri simu inapoteza mtandao. Huyu mama hashituki hata kidogo, kwa sababu katika milima hii mvua hunyesha karibu kila alasiri na mtandao huja na kwenda kama upendavyo. Huitia simu mfukoni akasubiri mawingu yapite. Wakati huo laini yake imekwisha kufufuliwa katika kadi nyingine, mikononi mwa mtu mwingine, na kufikia magharibi fedha zake zimehamishwa, na deni ambalo hakuliomba limeandikwa kwa jina lake.

Wengi husimulia mkasa huu kama hadithi ya ujinga wa mzee na ujanja wa kijana, nami nadhani masimulizi hayo yanawapa nafasi ya kukaa mustarehe watu waliostahili kuulizwa. Kwanza, yule kijana aliipata wapi namba ya kitambulisho, au jina kamili, hata kabla ya kupiga? Kwa miaka mingi kila aliyeingia katika kibanda cha wakala kutoa fedha alitakiwa aandike katika daftari lililo wazi mezani jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi cha fedha, na mteja aliyefuata angeweza kusoma ukurasa mzima huku akingoja zamu yake, au kuupiga picha. Kadhalika bawabu wa kila jengo mjini hudai kitambulisho na kukinakili katika daftari ambalo hapana ajuaye huishia jaa gani. Tumezoea kuzitoa habari zetu kwa kila avaaye sare, kisha tunashangaa zimefikaje Mulot.

Na pili, hata akiwa na habari zote hizo, mlaghai hawezi kuifufua laini ya mtu peke yake. Lazima pawepo mahali fulani mkono wa aliyepewa mamlaka ya kubadilisha kadi, au mfumo uliokubali ombi bila ya kumtazama mwombaji usoni. Aidha yumkini laini iliyotumiwa kumpigia yule mama imesajiliwa kwa jina la mtu asiyehusika, mathalan mzee aliyekwenda kwa wakala kusajili laini moja, akaambiwa mashine imekataa, arudie tena, na tena, akatoka na laini yake moja huku nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake zikibaki sandukuni zikingoja mnunuzi. Ilhali sheria ya kusajili laini iliwekwa kwa kusudi la kumfichua mhalifu, mpaka leo anayefichuliwa mara kwa mara ni mzee asiye na habari, ambaye polisi humfikia kwanza.

Zamani jina halikuaminiwa kirahisi hivyo. Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa nchi hii ya chai, wana desturi ya kumwita mtoto kwa wakati na hali ya kuzaliwa kwake: wa jioni ni Kiplangat au Chelangat, wa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech, wa mchana ni Kibet au Chebet, na aliyezaliwa ng'ombe wakirejea zizini ni Kiprotich au Cherotich. Na kwa kuwa jua huchwa kila siku na ng'ombe hurejea kila jioni, majina hayo yamejaa katika kila kilima, hata shule moja ya msingi yaweza kuwa na akina Kiplangat wa kujaza darasa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kale aliyedhani kwamba jina pekee ni ithibati. Aliyejitambulisha kwa jina aliulizwa yeye ni arap nani, yaani mwana wa nani, wa ukoo upi, wa kokwet gani, yaani ujirani gani, baba yake aliingia jandoni na rika lipi; na kila jibu lilikuwa na mtu hai nyuma yake, ambaye angeweza kuitwa akasema naam namjua, au akasema simjui. Dhamana ya jina ilikaa kwa majirani, na jirani aliyemdhamini mwongo aliaibika pamoja naye.

Mabaki ya desturi hiyo yangalipo katika kituo cha kununulia chai. Mizani ni ya kielektroniki, mkulima ana namba yake, na uzani hupelekwa kiwandani pasi na kuandikwa kwa mkono. Walakini karani humjua mleta majani kwa uso kabla ya kumjua kwa namba. Hila hazikosekani hata hapo: mwenye deni linalokatwa katika malipo yake ya mwezi hupitisha majani kwa namba ya shemeji, kisha wakagawana kimyakimya. Lakini hila hiyo ni ya watu wanaojuana, shemeji ameridhia, na ugomvi ukizuka wazee wanajua waanzie nyumba gani.

Serikali ya kikoloni haikuitaka dhamana ya majirani. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Na kampuni za Brooke Bond na African Highlands ya akina Finlay zilipoingia kulima chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, zilikuta sheria hiyo imekwisha kuwa na nguvu juu ya kila kibarua. Watu walikichukia kipande, na mwanaharakati Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliokipinga hadharani kabla ya kukamatwa kwake mwezi wa Machi 1922. Chuki hiyo ilikuwa na sababu, maana kipande hakikuwekwa kwa faida ya aliyekivaa. Kiliwekwa ili mwajiri amjue mtoro na serikali imjue mlipa kodi. Mwenye jina alibeba chuma, na manufaa yakaenda kwa wengine. Sisemi kwamba laini ya simu ni kipande, kwa sababu hii tuliinunua kwa hiari na imetufaa sana. Nasema tu kwamba katika usajili wa leo ule mgawanyo wa zamani haujabadilika: serikali inapata orodha, kampuni inapata mteja na ada ya kila muamala, na siku jina likitumiwa vibaya mzigo wote humwangukia mwenye jina, ambaye huambiwa angekuwa mwangalifu.

Majina ya makampuni nayo hutumiwa vivyo hivyo, na Kericho imekuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo kwa sababu majina yenyewe yamekuwa yakibadilika kuliko watu wawezavyo kuyafuata. Mashamba yaliyoanzishwa na Brooke Bond yalikwenda kwa Unilever mwaka 1984. Mwaka 2022 biashara hiyo ya chai, ikiwa imepewa jina la Ekaterra, iliuzwa kwa CVC Capital Partners, ikaitwa tena Lipton Teas and Infusions. Na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba yanakwenda kwa Browns Investments ya Sri Lanka, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeyachukua ya James Finlay. Mchuma chai aliyeanza kazi akiwa kijana wa Brooke Bond aweza kustaafu akiwa amefanya kazi chini ya majina manne au matano bila ya kuhama chumba chake katika kambi. Sasa kijana asiye na kazi, aliyeona mashine za kuchuma zikichukua nafasi ya mikono hata waandamanaji wakazichoma moto mwezi wa Mei 2023, akipokea katika simu tangazo lenye nembo nzuri, lisemalo kwamba mwenye mashamba mpya anaandika watu wapya na kwamba ada ya uchunguzi wa afya ilipwe leo kwa namba ifuatayo, atajuaje kwamba jina hilo silo? Hata majirani zake hawajui mwajiri anaitwaje wiki hii.

Kuna alama chache za kumsaidia, na si vibaya kuzitaja. Majina ya tovuti yaishiayo kwa ke husimamiwa nchini na shirika liitwalo KENIC tangu mwaka 2002, na yale yaishiayo kwa go.ke hayatolewi ila kwa taasisi za serikali. Ndiyo maana serikali ya kaunti ya Kericho hupatikana kwa kericho.go.ke na ile ya Bomet kwa bomet.go.ke. Ghairi ya hayo, majina yaishiayo kwa com au org hununuliwa na yeyote, popote, kwa fedha zisizofika gharama ya nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, na hapana amwulizaye mnunuzi kwa nini ametia neno Kericho ndani yake. Kwa hiyo jina la tovuti lisomwe kuanzia mwisho wake, si mwanzo, kwa kuwa mwanzo waweza kuandikwa chochote na mwandishi yeyote. Ile picha ya kufuli ambayo wengi tulifundishwa kuitafuta haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti; maana yake ni kwamba maneno yapitayo kati yako na yeye hayasomwi njiani, na tangu miaka kumi hivi iliyopita ithibati ya kufuli hutolewa bure, kwa mwema na kwa laghai. Google yenyewe iliiondoa picha hiyo katika kivinjari cha Chrome mwaka 2023, kwa kuwa watu walikuwa wakiifasiri kuwa cheti cha uadilifu.

Wala asidhani msomaji kwamba wanaohadaiwa ni wasiosoma. Mapema mwaka 2019 watu kadhaa walifikishwa mahakamani Nairobi wakishtakiwa kwamba walijifanya Rais Uhuru Kenyatta katika simu na kumtoa tajiri Naushad Merali shilingi milioni 10; na Merali, ambaye sasa ni marehemu, hakuwa mtu wa kudanganywa na mpita njia, kwani alimiliki makampuni mengi, mojawapo Sasini, yenye chai yake ya Kipkebe karibu na Sotik. Ikiwa sauti iliyovaa jina kubwa inaweza kuyafungua makabati ya watu kama hao, tumwondolee yule mama wa Kapkoros masimango yetu.

Tena jina halitumiwi vibaya na wahuni peke yao. Mwezi wa Juni 2021 Msajili wa Vyama vya Siasa alipofungua njia ya mtu kujikagua kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Wakenya wengi waligundua kwamba wao ni wanachama wa vyama ambavyo hawajapata kukanyaga ofisi zake, na malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliyekuwa hata mwaka mmoja kazini hajautimiza. Majina na namba zile hazikuchukuliwa na kijana wa kibandani. Zilipelekwa na vyama vilivyotaka kutimiza idadi inayotakiwa na sheria, yaani na waheshimiwa wanaotutungia sheria dhidi ya wezi wa majina. Naliona jambo hilo kuwa zito kuliko uhalifu wote wa Mulot, na bado sijasikia mji wowote ukipewa lakabu kwa ajili yake.

Sheria zipo. Ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa sahihi mwezi wa Mei 2018, inamtisha anayejifanya mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Anayelichukua jina la biashara la mwenziwe mtandaoni anaweza kupata faini kama hiyo au kifungo kisichozidi miaka 2. Na marekebisho yaliyotiwa sahihi mwezi wa Oktoba 2025 yameutaja waziwazi utekaji wa laini. Ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekwisha kuonyesha meno, kwani mwezi wa Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Adhabu hii ya mwisho ndiyo inipendezayo zaidi, si kwa ukubwa wake, bali kwa kuwa ilimwangukia aliyekabidhiwa habari za watu akazitumia apendavyo. Mara nyingi tumekuwa tukishughulika na aliyeiba tu. Nataka kanuni iyo hiyo ifike katika kibanda na makao makuu: wakala aliyeibadilisha kadi bila ya kumwona mwenyewe, na kampuni iliyompa wakala huyo mamlaka, walipe kwanza fedha zote alizopoteza mteja, kisha ndio wamtafute mwizi kwa gharama zao. Siku hasara ya jina itakapomwangukia aliyeuza usajili wake, mifumo ambayo leo tunaambiwa ni migumu kuiimarisha itaimarika kabla ya msimu wa bonasi ya chai.

Hadi siku hiyo, msomaji mwenye mzazi au bibi katika vilima hivi, ukienda nyumbani mwisho wa juma usiondoke kabla ya kuishika simu yake, naye akiwa ameketi kando yako anaona. Bonyeza *106# umsomee kila laini ya mtandao wake iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na iliyo ngeni ipelekeni pamoja dukani ikafutwe. Kisha, kama laini yake ni ya Safaricom, bonyeza *100*100# ili kadi yake isibadilishwe ila kwa yeye mwenyewe kwenda dukani kwa miguu yake. Mwambie pia kwamba kampuni hiyo humpigia mteja kwa namba moja tu, 0722 000 000, na kwamba namba ya siri haina mtu wa kuiuliza, hata akimwita mama.